Betri ya Zamani Isitupwe

Baba alipoanza kuomba arudishwe nyumbani, hakuna kati yetu aliyemuuliza anarudi kufanya nini. Kwetu, mzee mgonjwa akilitaja neno nyumbani mara moja, hayo ni mazungumzo; akilitaja kila asubuhi kabla ya uji, hilo ni agizo. Alikuwa amekaa nasi Iyunga, jijini Mbeya, tangu mapafu yake yalipokataa kufanya kazi peke yake. Ujana wake aliumalizia kwenye mashine za kukoboa mpunga huko Madibira, katika vumbi la pumba lililokuwa likielea bandani kama ukungu, na daktari alituambia kwamba sehemu ya vumbi hilo haikuwahi kutoka kifuani mwake. Sasa alipumua kwa msaada wa mashine ya oksijeni: kisanduku kinachonguruma kando ya kitanda, chenye mpira mwembamba unaoishia puani. Mashine hiyo hula umeme, na hula bila kupumzika. Kutoka Iyunga hadi kijijini kwetu, jirani na Tosamaganga, ni safari ya siku nzima ukiwa unavuta mzigo, na barabarani hakuna pa kuchomeka waya.

Basi lisingemchukua. Gari la wagonjwa tuliloahidiwa liliahirishwa, likaahirishwa tena, mpaka tukaona aibu kuendelea kupiga simu. Kilichobaki ni tela.

Majirani hulicheka tela langu, na wana haki. Nililinunua kwa wasafiri wawili wa kigeni walioharibikiwa na gari wakiwa njiani kuelekea kusini, wakaamua kurudi kwao kwa ndege. Ni nyumba ndogo ya magurudumu mawili: kitanda, jiko la gesi, sinki isiyotosha sahani mbili, paneli ya sola juu ya paa, na chini ya kitanda sanduku la betri. Niliota kulikodisha kwa watu waendao mbugani. Ndoto hiyo iliishia uani, chini ya turubai, na watoto wa mtaani wakaliita konokono. Sheria haimruhusu mtu kusafiri ndani ya tela linalovutwa. Nililijua hilo. Nilijua pia kwamba baba hawezi kuketi wima katika kiti cha gari hata kwa muda wa misa moja.

Fundi umeme aliyekuja kulitazama alifungua sanduku la betri, akapima, akatikisa kichwa. Ndani mlikuwa na betri mbili za asidi, zile nzito za kuongezwa maji. Moja ilikuwa imekufa kabisa.

“Na hii nyingine, Mwalimu, haitakufikisha hata Igawa,” alisema. Ananiita Mwalimu kwa sababu nafundisha chuoni. “Betri za namna hii ukizitumia kupita nusu zinanuna. Weka lithiamu. Lithiamu unaikamua mpaka tone la mwisho, na uzito wake mkeo anabeba kwa mkono mmoja.”

“Ziwe mbili, basi.”

“Mjini ipo moja. Nyingine iko njiani kutoka Dar.”

“Njiani wapi?”

“Mwalimu, njiani ni njiani.”

Baba alikuwa ameketi mlangoni, mpira wake wa puani umevutwa hadi mwisho wa urefu wake, akitazama kazi kwa macho ya mtu aliyeishi na mitambo. Lithiamu ilipokwisha kuwekwa, akanyoosha kidole kwenye ile betri ya asidi iliyosalia, iliyokuwa imewekwa kando juu ya majani.

“Hiyo mnaipeleka wapi?”

“Kwa wanunuzi wa chuma chakavu, mzee,” fundi akajibu.

“Imekufa?”

Fundi alikuwa mtu mkweli, na ukweli wake ndio uliotuponza. “Haijafa, mzee. Imechoka.”

“Kuchoka si kufa. Iunge na hiyo mpya.”

Sikushangaa, maana niliijua kanuni hiyo tangu utotoni. Baba alikuwa na tochi ya betri tatu. Mwanga ulipofifia hakununua betri tatu. Alinunua moja, akaiweka mbele, na zile mbili za zamani nyuma yake. Mpya huzivuta za zamani, alisema, na za zamani huipunguzia mpya mzigo. Iliyochoka kabisa ilianikwa juani juu ya bati, kisha ikarudishwa kwenye redio kumalizia taarifa ya habari. Kila nyumba niliyoijua ilifanya hivyo. Ulikuwa ubahili, lakini ulikuwa pia namna ya adabu: kitu kilichokutumikia hukitupi kikiwa bado kina joto.

“Baba,” nikasema, “karatasi iliyokuja na betri inasema zisichanganywe. Hizi ni jamii mbili tofauti. Ile nzee itamnyonya mwenzake.”

“Karatasi inamjua nani?” Akavuta pumzi, akasubiri iingie, ndipo akaendelea. “Mtoto wa siku hizi akiona kitu kimechoka, mkono unakwenda jalalani.”

Nadhani uso wangu ulimwonyesha nilichokifikiria, kwa sababu aliongeza kwa ukali, “Sizungumzii mimi. Nazungumzia betri.”

Mke wangu alinivuta pembeni, nyuma ya tela. Ndiye aliyemwosha na kumlisha kwa miezi yote hiyo, na mara nyingi niliona anamwelewa kuliko mimi mwanawe. “Baba watoto, mwache. Ni kitu gani kingine anachoamua siku hizi? Uji tunaamua sisi. Dawa tunaamua sisi. Hata dirisha lifunguliwe au lifungwe, tunaamua sisi.”

Fundi akapata suluhu ya watu wasiotaka kugombana. Aliziunganisha betri hizo, lakini kati yake akaweka swichi yenye taa nyekundu inayowaka betri zikiwa zimeungana. “Ukitaka kuitenga, unabonyeza hapa,” akaninong'oneza. Tatizo ni kwamba swichi hiyo ilikaa ubavuni mwa kitanda, usawa wa mto, na baba aliiona taa.

Shahada yangu iko ukutani, sebuleni. Nimewafundisha vijana wengi kwamba kanuni za asili hazijali nani amezitaja. Lakini mbele ya baba mzazi mtu hana shahada. Ana masikio.

Tuliondoka kulipopambazuka. Baba alikuwa kitandani ndani ya tela, mashine imefungwa kwa mikanda miguuni pake, mke wangu ameketi kando akiwa na blanketi mbili na mtungi mdogo wa oksijeni wa akiba. Mimi niliendesha pikapu peke yangu, simu ikiwa wazi juu ya dashibodi ili nisikie yanayosemwa nyuma. Tulipopita Uyole nilimsikia baba akiuliza, “Taa inawaka?” na mke wangu akijibu, “Inawaka, baba.” Tulipoteremka kuelekea Igurusi, nyanda za Usangu zikafunguka upande wa kushoto, akaomba ainuliwe kidogo atazame mashamba ya mpunga. Aliyatazama mpaka Chimala. Kisha nikamsikia: “Kule nilikula vumbi vizuri sana.” Mke wangu akacheka. Naye akajaribu kucheka, kicheko kikageuka kikohozi kirefu, na mimi nikaushika usukani kama mtu anayeshika ukingo wa kisima.

Igawa tulipita. Nikajiambia kwamba labda mzee alikuwa sahihi.

Baada ya Makambako ukungu ulitumeza. Ulikuwa mwezi wa sita, baridi ile ya nyanda za juu inayoingia mpaka kwenye meno, na malori yalitambaa mlimani kwa foleni, taa zikiwa zimewashwa mchana kweupe. Hapo ndipo niliposikia mlio mwembamba kwenye simu, mlio usiokatika, na juu yake sauti ya mke wangu:

“Simama. Simama! Mashine imezimika.”

Niliegesha palipokuwa na misonobari pande zote mbili. Nilipoufungua mlango wa tela, kitu cha kwanza kunipokea ni harufu ya mayai viza. Betri ya zamani ilikuwa imevimba ubavuni, na nilipoigusa niliuondoa mkono haraka. Ilikuwa imechemka kama sufuria. Kumbe chumba kimoja ndani yake kilikuwa kimeoza, na njia nzima betri hiyo ilikuwa ikinywa umeme wa mwenzake na kuugeuza joto lisilo na kazi. Ile mpya ilikuwa imenyonywa hadi chini, na ulinzi uliomo ndani yake ulikuwa umeifunga. Kipimo chake kilionyesha sifuri. Si kidogo. Sifuri. Taa nyekundu ya swichi pia ilikuwa imezimika, na baba alikuwa ameugeuza uso wake huko.

Mke wangu alikuwa amekwisha kumhamishia kwenye mtungi. Alinionyesha mshale wa mtungi. Ungetufikisha mahali, lakini si nyumbani. Midomo ya baba ilikuwa na rangi ya zambarau ya kucha zilizobanwa mlangoni.

“Tugeuze turudi Makambako,” nikasema. “Hospitali ipo.”

Baba aliinua mkono, si juu sana. “Usi...nirudishe.”

“Baba, huna hewa.”

“Nina...njia.”

Nilitoka nje nikasimama kwenye ukungu. Sijawahi kuwa mtu wa kupiga mayowe, lakini nililipiga teke tairi la tela langu mwenyewe mpaka kidole kikavimba. Kisha nikampigia fundi. Nilimweleza kwa pupa, sentensi zikigongana, nikamalizia kwa kusema betri mpya imekufa.

“Haijafa, Mwalimu. Imelala,” alisema, na nyuma yake nilisikia nyundo ya gereji. “Ikinyonywa sana inajifungia yenyewe. Kwanza itenge hiyo nzee, ng'oa waya kabisa, usitegemee swichi. Halafu iguse mpya na betri ya gari, injini ikiwa inaunguruma. Itaamka. Ikiamka, usizime injini. Umenisikia? Usizime injini mpaka ufike kwenye umeme wa ukutani.”

Sikuwa na nyaya za kubusti. Nilisimama katikati ya barabara na kulipungia mkono lori la mbao lililokuwa likipanda taratibu. Dereva aliteremsha kioo, akalitazama tela, kisha pikapu, kisha mimi na tai yangu, maana nilikuwa nimevaa tai; nilitaka baba afike nyumbani na mtoto aliyevaa vizuri.

“Bwana harusi, nyumba imekugomea?”

“Nina mgonjwa ndani. Naomba nyaya za kubusti.”

Utani ukaisha usoni mwake papo hapo. Aliruka chini na nyaya begani, akaingia nami, akamwona baba. “Shikamoo mzee,” alisema, na baba, ambaye kila pumzi ilikuwa ikihesabiwa kwenye mshale wa mtungi, akaitumia moja kumjibu, “Marahaba.”

Niling'oa waya wa betri ya zamani. Nilifanya hivyo mbele ya macho yake, kichwa changu kikiwa karibu na mto wake kiasi cha kusikia hewa ikipita kwenye mpira. Nilisubiri akataze. Alinitazama nikihangaika na nati iliyoshika kutu, akasema kwa vipande, “Iweke...juani.”

Sikujua kama ni agizo au ni mzaha. Nje hapakuwa na jua la kukausha hata leso. Dereva wa lori ndiye aliyecheka kwanza, kisha mke wangu, huku machozi yakimtoka, na baba akafumba macho kama mtu aliyeridhika kwamba ameeleweka. Tuliibeba betri ile, mimi na dereva, tukaiweka nyuma ya pikapu juu ya gunia. Sikuiacha msituni. Hata katika hali ile sikuweza.

Kisha tukavuta zile nyaya ndefu za lori kutoka kwenye injini ya pikapu hadi kwenye betri mpya, tukazifunga zibaki hapo. Cheche ndogo, ukimya, na kipimo kikasoma. Mashine ikalia mara moja, ikakohoa, ikaanza kunguruma. Mke wangu akauhamisha mpira kutoka kwenye mtungi, akakosea mara ya kwanza, akarudia. Dereva alikataa asante zangu zote. “Nenda, nenda. Nyaya baki nazo.”

Kutoka hapo hadi mwisho wa safari uhai wa baba ulikuwa kwenye mguu wangu wa kulia. Sikusimama Mafinga. Niliogopa matuta, niliogopa trafiki, niliogopa hata kubadilisha gia, nisije nikaizima injini kwa uzembe. Nilisali rozari bila rozari, nikipotea katikati na kuanza upya. Trafiki mmoja alitusimamisha, akaja dirishani, akaniamuru nizime gari. Nilimwambia, “Afande, nikizima, baba yangu anakufa,” na nadhani hajawahi kuambiwa maneno hayo kwa sauti kama ile. Alikwenda nyuma, akachungulia dirisha la tela, akarudi na kunionyesha barabara kwa mkono tu.

Tulifika alasiri. Dada mkubwa wa baba, shangazi yetu, alikuwa amesimama mbele ya nyumba akiwa amejifunga kitenge kipya. Kabla sijashuka alinipa habari kwa sauti ya chini: “Umeme umekatika tangu asubuhi.”

Sikuzima gari. Hapakuwa na kitu cha kufikiri. Tulisogeza tela mpaka likagusa baraza, tukamwingiza baba chumbani kwake, tukapitisha waya dirishani, na pikapu ikaendelea kunguruma uani. Moshi wake uliwafukuza kuku na kuingia katika mianzi nyuma ya nyumba. Majirani walikuja kumjulia hali na kumsalimu kwa Kihehe, “Kamwene, kamwene,” wakilazimika kupaza sauti kama watu walio gulioni. Shangazi alikaa ukingoni mwa kitanda akimshika mkono. Kila alichomwambia, baba aliuliza, “Nini?”

Jua lilipoanza kushuka aliniita kwa kidole. Niliinama.

“Zima gari.”

“Haiwezekani, baba. Umeme bado.”

“Zima. Nisikie kengele.”

Kengele ya misheni husikika nyumbani kwetu jioni, upepo ukiwa mzuri. Tulikua nayo, ilitutoa mtoni, ilitutoa machungani. Sikuwa nimeifikiria kwa miaka mingi. Na sasa nilielewa ni nini alichokuwa akikitaja kila asubuhi kabla ya uji, kule Iyunga, mahali ambapo usiku na mchana husikii ila malori.

Nilikwenda kwenye tela. Kipimo cha betri, baada ya kunyweshwa na injini njia yote, kilionyesha mistari miwili. Mara ya kwanza nilimtii na nusura nimuue. Nikimtii tena, na mistari ile ikawa ya uongo, ningekuwa nimemleta nyumbani ili nimzimie pumzi mbele ya dada yake. Nikikataa, angeisikia injini yangu hadi mwisho. Nilirudi mlangoni nimwulize mke wangu, kisha nikaona sina haki ya kumdai jibu hilo.

Nilizima.

Kelele ilikatika pale uani. Kisha vikaanza kurudi vitu vidogo: mianzi ikisuguana, mtoto wa jirani akiita mbuzi, mashine ya oksijeni ikinguruma polepole, sasa kwa nguvu za ile betri moja. Niliketi ndani ya tela na kuukodolea macho ule mstari wa pili. Kutoka chumbani nilimsikia shangazi akizungumza kwa sauti ya kawaida, kwa Kihehe, na baba akimjibu bila kuuliza “nini”. Sikuyashika yote. Walizungumza juu ya mama yao na kisima kilichofukiwa. Mstari wa pili ulizimika. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye funguo za gari mfukoni, na kengele haikuwa imelia bado.

Ilipolia, ilikuwa mbali na nyembamba kuliko nilivyoikumbuka. Niliiacha imalizike. Kisha nikaenda kwenye pikapu, nikawasha injini bila kuomba ruhusa, na kupitia dirishani nilimwona baba akipiga ishara ya msalaba, taratibu, kama mtu asiyeharakishwa na chochote.

Umeme ulirudi baadaye jioni hiyo. Baba hakukaa nasi sana baada ya hapo. Ningependa kuandika kwamba nilipigana na giza hadi mwisho, lakini siku aliyoondoka umeme ulikuwepo, mwingi, taa ya baraza ilisahauliwa ikiwaka mchana, na ndani ya tela betri mpya ilikuwa imejaa mistari yote. Nyingine, ile ya kutoka Dar, ilikuwa imekwisha kufika Mbeya. Fundi alikuwa amepiga simu asubuhi ile kuniambia mzigo uko dukani. Tulikuwa na kila kitu ambacho tulikikosa kwenye misonobari.

Alikuwa amekwisha kuacha kupumua, na mashine iliendelea kunguruma, ikisukuma hewa safi katika mpira ambao hapakuwa na mtu wa kuupokea. Hakuna aliyethubutu kuigusa. Tulisimama tukiisikiliza. Ndipo shangazi aliponitazama na kusema, “Mwanangu, mzimie sasa.”

Nilikwenda ukutani, nikabonyeza swichi.